Upinde Uliotunzwa kama Sultani

Hapo zamani, wakati watu walipokuwa wakienda vitani kwa pinde na mishale, palikuwa na mji mmoja wa bara, mwendo wa siku sita kutoka pwani. Jina la mji huo silitaji, maana wenyewe hawapendi kukumbushwa habari hii. Hapo alitawala Sultani Daruweshi, mtu mnene, mcheshi akiwa ameshiba, mkali akiwa na njaa. Na baraza lake, msinicheke, lilikuwa asubuhi na mapema kabla ya chakula.

Sultani huyu alikuwa na ada yake. Kila asubuhi akiisha kuketi kitini hutwaa upinde uliotundikwa msumarini kando ya dirisha, akauvuta ugwe, kamba yake, mpaka sikioni, pasipo mshale, kisha akauachia. Ugwe hulia ngwee! Na wakuu wote waliokaa chini hupaza sauti, "Mashallah! Adui amesikia!" Ndipo kesi zikaanza. Ada hiyo waliiita salamu ya upinde, na aliyeitikia kwa sauti ndogo alitazamwa na Waziri kwa jicho la pembeni.

Salamu ikiisha, upinde hurudishwa msumarini pale pale dirishani, ugwe umekazwa vile vile, jua likiuchoma tangu asubuhi hata alasiri. Usiku haukuvuliwa ugwe wala mchana haukupumzishwa. Tena Waziri, mtu mzima mwenye magoti mabovu, kila alipotaka kuinuka aliutwaa akauegemea kama bakora yake.

Basi pinde zikawa zinavunjika. Wa kwanza ulipasuka tumboni. Wa pili uliruka ncha, ikampiga mshika chetezo katika paji la uso, naye akamwaga makaa yote juu ya zulia. Wa tatu ulikatika vipande viwili mkononi mwa Sultani mwenyewe, mbele ya wageni. Hata mwaka haujaisha zikawa saba. Sultani hakuwa na shaka yoyote: kosa ni la fundi.

Fundi huyo aliitwa Chande bin Shomari. Alikuwa mchonga pinde, na baba yake mchonga pinde, hodari wa mikono na mzito wa maneno. Alikata mti wa mkole mwenyewe, akauanika kivulini miezi na miezi, akauchonga taratibu kana kwamba anamnyoa mtoto. Alijua vema kitu kinachovunja pinde zake. Lakini nani angethubutu kumwambia Sultani, "Mvunjaji ni wewe"? Mtu mmoja aliwahi kumwambia kwamba kilemba chake kimekaa upande, akapelekwa kulinda mpaka wa kaskazini, na mpaka leo mkewe anamngoja.

Upinde wa saba ulipokatika, Sultani akasema, "Chande, umenitia aibu mara saba. Haya, chonga wa nane. Ukikaa mwezi mzima bila ya kuvunjika, utakwenda zako kwa amani. Ukivunjika, nitakukata vidole gumba vyote viwili, tuone utachonga kitu gani tena."

Chande akachonga wa nane, akauleta siku ya Alhamisi baraza likiwa limekwisha. Wakaupokea upinde, naye wakamweka katika chumba cha walinzi, asije akatoroka kabla ya mwezi kutimia.

Sasa, mke wa Chande, Mwanahamisi, alikuwa na kaka yake aitwaye Faki. Huyu Faki hakuwa na shamba, hakuwa na mbuzi, hakuwa na kazi. Alikuwa na kanzu moja yenye viraka vingi kuliko kanzu yenyewe, na tumbo ambalo kila siku adhuhuri lilijua njia ya kwenda kwa shemeji yake. Watu wakimwita mjinga, naye hakukataa, maana mjinga habebeshwi mizigo ya watu.

Alhamisi hiyo Faki akafika kama kawaida yake, akakuta jiko baridi na dada yake amekaa chini, mtandio umelowa.

"Dada, vipi? Moto umezimika?"

"Kaka, leo hapa hakuna chakula, kuna kilio," akasema Mwanahamisi. Akamweleza yote. "Mwezi mmoja! Upinde ule hautaufikisha mwezi, nawe unajua. Mume wangu asipokuwa na vidole atafanya nini? Hajui kulima, hajui kuuza, hata kuongea hajui!"

Faki alikuwa na neno la mzaha mdomoni, lakini halikutoka. Alimpenda sana Chande. Miaka kumi na miwili alikuwa akila kwake, na siku zote hizo Chande hakumuuliza hata mara moja, "Wewe utafanya kazi lini?" Akainuka na njaa yake, akaenda chumba cha walinzi.

Akamkuta shemeji yake amekaa, anavitazama vidole vyake.

"Shemeji," akasema Faki, "hebu niambie mimi mjinga. Upinde huvunjwa na nini?"

Chande, ambaye kwa kawaida maneno matatu yalimchosha, siku hiyo yakamtoka kama maji. "Ni ile salamu yao! Ukivuta upinde unatia nguvu ndani ya mti, Faki, nguvu nyingi, na nguvu ile huondoka na mshale. Sasa mshale haupo! Itakwenda wapi? Inarudi mwilini mwa upinde, inaupasua. Bora uupige na rungu. Kisha wanauacha na ugwe wake usiku kucha, mti umekunjwa haupati kujinyoosha, mpaka unachoka. Kisha jua la dirishani, linaukausha kama muwa uliotafunwa. Na yule mzee na magoti yake! Upinde si fimbo, Faki. Upinde si fimbo!"

"Umemwambia Sultani?"

"Wewe ungemwambia?"

Faki akajishika shingo, akaipapasa. "Ninayo moja tu," akasema. "Lakini Sultani amekula?"

"Sasa hivi yuko mezani."

"Basi ngoja ashibe."

Ikawa Sultani alipokwisha kula na kunawa, amejilaza juu ya mito huku anachokonoa meno, akaingia Faki, akainama mpaka kilemba kikagusa zulia.

"Maulana, mimi ni Faki, shemeji yake Chande. Nimekuja kuomba kazi."

Sultani akacheka. "Wewe, kazi? Mji mzima nasikia unaikimbia. Kazi gani?"

"Kuuchunga upinde wa nane, maulana, mwezi mzima. Ukivunjika mkononi mwangu, nikate na mimi vidole, viwe vinne pamoja na vya shemeji."

"Na utauchunga namna gani?"

"Ndilo nisilolijua, maulana. Mimi mjinga. Nipe mfano wa kitu nikijuacho, nami nitaufuata sawasawa."

Sultani alikuwa amekula pilau, na pilau lilikuwa zuri, akaona huyu ni mchezo wa kupitishia mchana. Akasema, "Je, wajua mimi nitunzwavyo?"

"Nani asiyejua, maulana?"

"Basi upinde huo ni mimi. Utunze kama nitunzwavyo mimi. Jambo usiloweza kunitendea mimi, usiutendee upinde."

"Nimesikia na kutii. Lakini je, maulana, mimi nikiutunza, kisha mtu mwingine akaja akautenda kinyume?"

"Basi vidole ni vyake huyo, si vyako wala vya Chande."

"Awe nani awaye, maulana?"

"Awe nani awaye! Waziri, andika. Mjinga huyu anataka hati, mpe hati."

Waziri akaandika huku anatikisa ndevu kwa kucheka, Sultani akapiga muhuri wake, Faki akaikunja hati, akaitia kifuani. Kisha akauendea upinde pale dirishani, akasujudu mbele yake, akasema, "Pole sana, maulana, nani amekuanika juani?"

Watu wakaangua kicheko. Faki hakucheka. Akauondoa upinde msumarini, akaupeleka upande wa kivuli, akauwekea mto. Kisha akaanza kuuvua ugwe.

"Unafanya nini wewe?" akauliza Waziri.

"Ni wakati wa maulana kupumzika baada ya chakula. Je, maulana hulala amefungwa mshipi kiunoni?"

Waziri akamtazama Sultani. Sultani, ambaye mshipi wake ulikuwa umelegezwa zamani na tumbo limepata nafasi, akasema, "Mwache. Anafuata hati." Akageukia ukuta, akasinzia.

Alasiri Faki akauamsha upinde kwa adabu, akaupaka mafuta ya ufuta toka ncha hadi ncha, maana Sultani naye hupakwa mafuta. Akaenda nao sokoni chini ya mwavuli, anapiga kelele, "Simila! Simila! Maulana anapita!" Wauza vitunguu wakasimama, hawajui wacheke ama wapige magoti, na wengine wakafanya yote mawili. Waliporudi barazani, Waziri, kwa mazoea yake, akanyoosha mkono ajiinue kwa upinde.

"Enyi watu!" akapiga yowe Faki. "Waziri anamwegemea Sultani! Amemshika kichwa, anataka kumkandamiza chini!"

Waziri akauacha upinde kana kwamba umemng'ata, akakaa chini tena kwa kishindo, akabaki pale pale mpaka watumishi wawili walipokuja kumnyanyua. Sultani akacheka mpaka akashika mbavu. Jioni ile mji mzima ulikuwa ukisimuliana, na Chande katika chumba chake akasikia, lakini yeye hakucheka. Alijua kwamba asubuhi itafika.

Asubuhi ikafika. Sultani akaketi kitini na njaa yake. Wakuu wakakaa chini, makoo yamesafishwa tayari kwa kuitikia. Sultani akanyoosha mkono, asiangalie, kwenye msumari wa dirishani. Hakuna kitu.

"Upinde uko wapi?"

"Huku kivulini, maulana, umeamka salama," akasema Faki. Alikuwa ameukumbatia kwa mikono miwili. Upinde ulikuwa na ugwe wake tayari, maana ni saa za kazi.

"Ulete."

"Kwa vita, maulana? Nilete na mshale?"

"Kwa salamu! Wajua vema! Ulete hapa!"

Faki akazidi kuukumbatia upinde. "Maulana, siwezi."

Waziri akatabasamu, naye alikuwa na sababu zake.

"Umesema nini?" akauliza Sultani, pole pole.

"Nalinda vidole vyako, maulana. Hati yasema, mwenye kuutendea upinde jambo lisilofaa kutendewa Sultani, vidole ni vyake, awe nani awaye. Nami niliuliza, awe nani awaye? Maulana ukasema, awe nani awaye. Ukiutenda salamu hii, nitafanyaje mimi? Nitamwita nani aje na kisu?"

"Kuvuta upinde kuna ubaya gani?" Sultani akapiga kelele. "Nimeuvuta kila siku ya maisha yangu! Kazi ya upinde ni kuvutwa!"

"Huenda hakuna ubaya, maulana. Mimi mjinga. Lakini kipimo ni wewe. Tujaribu kwako kwanza, ukiona raha, basi na upinde utaona raha, nami nitakupa mara moja."

"Mjaribu nini?"

"Nipige kofi, maulana. Lakini si kofi la mzaha. Vuta mkono mpaka nyuma, utie nguvu zako zote, unipige."

Jambo hilo Sultani alikuwa akilitamani tangu alipokosa kuuona upinde msumarini. Akashuka kitini, akapandisha mkono wa kanzu, akajivuta nyuma kwa unene wake wote, akalitupa kofi ambalo lingemng'oa Faki meno yaliyosalia. Faki akachuchumaa.

Lo! Mkono ukapita hewani bila ya kukuta kitu. Sultani akazunguka mzunguko mzima, kilemba kikaenda huku, kiatu kikaenda kule, naye akaanguka juu ya mito kwa kishindo, amelishika bega. "Bega langu! Mama yangu, bega langu limeteguka!"

Walinzi wakamrukia Faki, wakamlaza kifudifudi, mmoja akamkanyaga shingo. Lakini mikono miwili ya Faki ilikuwa juu hewani, imeuinua upinde usije ukaumia.

"Maulana!" akasema, mdomo umo zuliani. "Nani amekupiga?"

"Hakuna aliyenipiga, mwanaharamu wewe!"

"Basi bega limeumizwa na nini?"

Sultani akalitazama bega lake.

"Ungenipata, maulana, mimi ndiye ningeumia, wewe ungekuwa mzima," akasema Faki. "Nguvu zako zilikuwa zije kwangu. Hazikunikuta, zikakurudia mwenyewe. Na upinde nao hivyo hivyo. Nguvu zake ni za mshale. Kila asubuhi unauvuta mpaka mwisho wa nguvu zake, na hapana mshale. Leo bega lako limepata salamu moja. Ule wa saba, kabla haujakatika, ulipata salamu ishirini na sita. Shemeji yangu alizihesabu."

Sultani akakaa pale juu ya mito, kichwa wazi, analisugua bega. Akautazama msumari wa dirishani, na jua lililokuwa limeanza kuingia. Akamtazama Waziri, na Waziri akayatazama magoti yake. Kisha Sultani akaanza kutikisika, na wakuu wakadhani analia, wakajiandaa kulia naye. Kumbe anacheka. Akacheka mpaka machozi yakamshuka, kila akicheka bega linamuuma, na kila likimuuma anacheka zaidi.

"Mwacheni huyo," akasema. "Mleteni Chande."

Akaletwa Chande. Alipomwona Faki amelala chini na Sultani hana kilemba, akajua mambo yameharibika, akaificha mikono nyuma.

"Chande," akasema Sultani, "ulijua kwamba ni mimi?"

Chande akainamisha kichwa.

"Pinde saba, ulijua. Na vidole vyako viko hatarini, ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

Chande akamtazama, na ile mikono iliyofichwa nyuma ikazidi kufichika. Hapo kicheko kikamwisha Sultani. Aliona haya, nayo ilikuwa haya ya kweli, uso ukamwiva mbele ya watu wake wote. Akainuka kwa shida, akamwendea Chande, akamshika mikono ile kwa nguvu akaitoa mbele, akasema, "Nisamehe. Pinde zako zilikuwa nzuri. Mimi ndimi niliyezivunja." Na mji ule ulikuwa haujapata kusikia maneno hayo tangu ulipojengwa.

Siku hiyo hiyo Chande akarudi kwa mkewe, na Faki nyuma yake, na nyuma ya Faki sinia la pilau lililobebwa na watumishi wanne kutoka jikoni kwa Sultani. Mwanahamisi akavibusu vidole vya mumewe kimoja kimoja, vyote kumi, mpaka Faki akalalamika kwamba chakula kinapoa.

Ikawa kwa amri ya Sultani, salamu ya upinde isifanywe tena ila kwa mshale, uani, na shabaha iwe gogo la mgomba lililosimamishwa hatua thelathini. Baada ya salamu upinde uvuliwe ugwe, ulazwe kivulini. Waziri akachongewa bakora. Na Chande akaamriwa awe mwalimu, asimame kando ya Sultani kila asubuhi.

Wote wakafurahi, isipokuwa mmoja, naye ni Sultani mwenyewe. Bega lilipopona, asubuhi ya salamu ya kwanza, akamvuta Faki pembeni, akamnong'oneza, "Ewe Faki, wajua ni kwa nini nilipenda ugwe mtupu?"

"Sijui, maulana."

"Ugwe mtupu haukosi. Unalia ngwee, watu wanaitikia, basi. Mshale utaonyesha ulikokwenda."

Faki akamwonea huruma, na huruma hiyo haikuwa ya mzaha. "Ndiyo, maulana," akasema. "Utaonyesha."

Sultani akasimama uani. Akautia mshale, akavuta mpaka sikioni, akaachia. Ugwe ukalia sauti ndogo, nzuri, wala upinde haukutetemeka. Mshale ukapita mbali na mgomba, ukapanda juu ya ukuta, ukashuka jikoni, ikasikika sufuria ikianguka na mpishi akitaja majina ya malaika.

Wakuu walikuwa wamekwisha fumbua midomo kuitikia, ikabaki wazi. Mmoja akaanza, "Mash..." akajimeza. Waziri akasema kwa sauti ndogo kwamba anaona mgomba umesogea.

Sultani hakuwatazama. Alimtazama Chande.

Chande akavitazama vidole vyake gumba, kile cha kulia, kisha kile cha kushoto. Halafu akasema, "Umekwenda kando, maulana. Kando sana."

Wakuu wote wakageuka kumtazama Sultani.

"Kweli," akasema Sultani. "Kando sana." Akanyoosha mkono wake. "Nipe mwingine, unionyeshe."

Ndivyo nilivyosikia mimi, nami sikutia la kwangu ila chumvi kidogo, maana pilau lote Faki alikwisha lila.